Kichupa Kilichokataa Kupungua

Inspekta Stanslaus alikuwa na tabia ya kufunga jalada la kesi kwa kulipiga kofi, kama mtu anayeua mbu. Asubuhi ile ya Alhamisi alilipiga kofi kabla hata Sajenti Nyanzala hajaketi.

"Hii imekwisha," alisema. "Saa nane mchana nesi yuko mbele ya hakimu. Amekiri?"

"Hajakiri, afande."

"Basi hana haja ya kukiri. Jionee mwenyewe."

Juu ya meza palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kichupa cha kioo, urefu wa kidole gumba, ubavuni kimebandikwa plasta yenye namba tatu iliyoandikwa kwa kalamu. Ndani yake mlikuwa na maji ya buluu. Cha pili kilikuwa mtungi wa lita moja, nao una maji ya buluu, na karatasi yake ilisema bila kuficha: mrututu. Mrututu nani asiyeujua Mpanda? Wakulima wanaupulizia mimea, wafugaji wanaoshea kwato za ng'ombe, na mtoto akiunywa mnaanza kutafuta jembe na sanda.

"Mtungi tumeukuta rafuni kwa nesi Gaudiose, zahanati ya masista, Shanwe," Inspekta aliendelea. "Yeye ndiye anayegawa hii dawa ya kuotesha nywele. Dawa ikamwishia. Akaona haya kusema imeisha, akajaza mrututu kwenye kichupa, akampa binti wa Mzee Malale. Binti kaungua utosi mzima, yuko wodini analia. Baba mtu ndiye mlalamikaji. Hapo kuna kipi usichokielewa?"

Nyanzala alikichukua kichupa akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuwa mtu wa papara. Alikuwa binti wa wafugaji, na waliokua wakihesabu ng'ombe wanaotembea hujifunza kutazama mara mbili.

"Afande, hiki kichupa kimejaa."

"Kimejaa, ndiyo. Sasa?"

"Kwenye maelezo ya Mzee Malale, binti alipaka kila jioni kwa wiki tatu. Na plasta ya nesi inasema matone ishirini kila mara. Wiki tatu, afande, matone ishirini kila siku, na kichupa kimejaa mpaka shingoni. Mimi nikipata sukari ya namna hiyo sitakwenda dukani tena."

Inspekta alikitazama kichupa, akaitazama saa yake, akajitazama tumbo. "Una mpaka saa nane," alisema. "Saa nane na dakika moja sikujui."

*

Gaudiose alikuwa amekaa lokapu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo wima, gauni lake jeupe la kazi bado safi isipokuwa pindo. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia makazi ya Katumba, akasomea unesi, na mwaka wa tisa sasa alikuwa anafanya kazi mjini kwa kibali. Kila mtu pale kituoni alijua habari ya kibali kile. Akitiwa hatiani kinafutwa, na kikifutwa kinachofuata ni lori la kumrudisha ng'ambo, kwenye vita ambayo watu walikuwa wanaikimbia kila wiki. Ndiyo maana Nyanzala alivuta kigoda akakaa, badala ya kuuliza akiwa amesimama.

"Nesi, ule mtungi wa mrututu ni wa nini?"

"Wa damu, afande. Ndugu akija kumtolea mgonjwa damu, namchoma kidole, tone naliangusha kwenye mrututu uliopimwa. Likizama, damu yake ina nguvu, atoe. Likielea, namwambia rudi nyumbani ukale maharage. Waulize manesi wa hospitali, wote wanajua."

"Na ya nywele?"

"Ile siyo mrututu hata kidogo. Inaitwa peptidi. Ni vipande vya protini, vidogo mno, vimeikumbatia shaba. Ubuluu unatoka kwenye hiyo shaba. Kuna daktari wa Ubelgiji alifanya kazi hapa zamani, sasa amestaafu, ndiye aliyeniletea vichupa sita."

"Inaotesha kweli?"

Gaudiose alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu jana. "Kwa wengine. Mzizi uliolala inauamsha. Mzizi uliokufa haiufufui, na hilo namwambia kila mtu kabla sijampa. Dorotea wa Mzee Malale alikuwa na mabaka matatu ya mviringo, kama vizibo vya soda. Wiki ya pili nilimwona kanisani. Vilikuwa vimeanza kutoka vinyweleo, afande, vyeupe vyeupe, laini. Nilifurahi, usiseme!"

"Ulimjazia tena?"

"Sijawahi. Nilimpa kachupa kamoja, basi. Kanatakiwa kukaa kwenye baridi, kwa hiyo nilisema kakiisha mje mchukue kengine."

"Uliwaambia nani na nani?"

"Yeye na baba yake. Yule mzee ana maswali! Kakushinda hata wewe. Kwa nini ni buluu, inapenyaje kwenye ngozi, inajuaje pa kwenda. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe."

Nyanzala aliandika hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Alipokuwa anainuka, Gaudiose alimshika mkono wa shati.

"Afande, tangu jana nani anakata utambi wa friji?"

"Friji gani tena?"

"La zahanati. Ni la mafuta ya taa. Utambi usipokatwa moto unatoa masizi, friji linapata joto, na vichupa vyangu vitatu vilivyobaki vinaharibika. Kuna watu wanavisubiri. Mimi mnaweza kuniweka hapa, lakini utambi haujui kesi."

Mwanamke yuko lokapu, lori linamnyemelea, na anauliza habari za utambi! Nyanzala alitoka mle akiwa ameshaamua moyoni. Lakini moyo wa sajenti si kielelezo, na hakimu haupokei.

*

Friji lilikuwa kweli linatoa moshi. Nyanzala aliomba mkasi kwa sista wa zamu, akapiga magoti, akakata utambi mpaka moto ukarudi mdogo na safi. Kisha akavuta matone kiasi kutoka kichupa namba nne kwa bomba la sindano, akakirudisha kichupa kwenye baridi, akapanda baiskeli ya kituo kuelekea shule ya sekondari, akikwepa makorongo yaliyoachwa barabarani na mvua za Elinino. Begani alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kichupa namba tatu na chupa ndogo ya maji kutoka kwenye mtungi.

Mwalimu wa kemia aliitwa Cecilia. Aliposikia jina la Gaudiose alifungua kilemba chake pale pale, mbele ya meza ya maabara, akainamisha kichwa.

"Shika," alisema. "Mwaka jana dawa ya nywele, ile kalikiti, ilinila hapa mbele pote, nikawa kama kuku aliyenyonyolewa. Shika uone sasa."

Nyanzala alishika. Zilikuwa nywele fupi, ngumu, zimekaa vizuri.

"Kwa hiyo wewe ni shahidi wa upande wake."

"Mimi ni shahidi. Upande utajulikana kwenye testi tyubu."

"Hilo nimelipenda, mwalimu. Fanya, na mimi nikodoe macho."

Cecilia alipanga testi tyubu tatu. Ya kwanza dawa ya friji, ya pili maji ya mtungi, ya tatu maji ya kichupa cha Dorotea. Katika kila moja akatumbukiza msumari uliosuguliwa kwa msasa. "Shaba iliyo huru inaurukia msumari," alieleza. "Iliyokumbatiwa na protini haina haraka hiyo."

Wakasubiri. Dakika ya tano, msumari wa kwanza ulikuwa bado wa kijivu. Wa pili ulikuwa umevaa wekundu wa shaba mpaka kichwani. Wa tatu nao mwekundu.

Cecilia alizisogeza testi tyubu kando. Akatoa kostiki, ile ya kupikia sabuni, akadondosha kwenye sampuli nyingine tatu. Dawa ya friji iligeuka zambarau, angavu kama juisi ya zabibu. "Protini hiyo," alisema kwa sauti ndogo. Maji ya mtungi yaliganda mabonge ya buluu, na ya kichupa cha Dorotea yakaganda vile vile.

"Mungu wangu," alisema Cecilia, akakaa. "Nimemfunga rafiki yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ni mrututu, afande. Kichupa kina mrututu na mtungi una mrututu."

"Na Inspekta angefurahi sana kama tungeishia hapo," alisema Nyanzala. "Lakini hebu nitazamie mabonge yako vizuri. Haya ya mtungi ni safi. Haya ya kichupa mbona yana uchafu?"

Kweli, yalikuwa na rangi ya kahawia kwa ndani. Cecilia aliinuka upesi, akakunja karatasi za kuchujia, akamimina maji yaliyobaki, kila aina kwenye karatasi yake. Yale ya mtungi yalipita bila kuacha kitu. Yale ya kichupa yaliacha unga wa kahawia na vipande vidogo vidogo kama vya majani.

Nyanzala aliinamia karatasi akanusa. Akanusa tena, kisha akacheka peke yake.

"Nini?" aliuliza Cecilia.

"Tumbaku. Mwalimu, mtu akitaka kupima damu atatia tumbaku kwenye mrututu?"

"Tone la damu lingepotea humo. Hapana."

"Na mtu anayetaka kudanganya kwamba maji yake ni dawa ya Ubelgiji?"

"Angetia kitu cha kunukia vizuri. Siyo tumbaku!"

"Basi niandikie hayo yote, utie sahihi, na karatasi hiyo uifunge kwenye bahasha. Mimi harufu hii naijua. Baba yangu alikuwa analoweka majani ya tumbaku siku mbili, anaongeza mrututu, anapaka kwato zilizooza na vidonda vya kupe. Ulikuwa ukipita karibu na zizi letu unapiga chafya."

Cecilia aliacha kuandika. "Nani ana ng'ombe katika habari hii?"

"Mmoja tu," alisema Nyanzala, akachukua mkoba wake.

*

Mji wa Mzee Malale ulikuwa nje kidogo ya Makanyagio, pale nyumba zinapoanza kuachana, na mapori yanapoanza kusogea. Ilikuwa saa sita kasoro. Mama Lucia, mkewe, alikuwa hospitali na binti. Mzee mwenyewe alikuwa zizini, mguu wa nyuma wa fahali umefungwa kwenye nguzo, anausafisha kwato kwa kijiti.

"Mwadila, baba," Nyanzala alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Ah, sajenti wetu! Nesi amefungwa miaka mingapi?"

"Bado hajafungwa. Endelea na kazi, baba, usimwache mgonjwa. Kwato imeoza?"

"Mvua hizi! Nusu ya kundi walikuwa wanachechemea. Lakini dawa yangu haishindwi." Alinyoosha mkono, akachukua kibuyu kilichoning'inia kwenye nguzo, akamimina. Maji yaliyotoka yalikuwa ya buluu yenye uchafu wa kahawia, na harufu yake ilimpiga Nyanzala puani. Alipiga chafya, na mzee akacheka kwa fahari. "Tumbaku ya kweli hiyo! Na uone maajabu yake. Mtazame yule mweupe, pale begani. Kupe walikuwa wamemla mpaka nyama. Sasa hivi je?"

Nyanzala alitazama. Begani kwa ng'ombe mweupe palikuwa na kovu, na juu ya kovu manyoya mapya, mafupi, yamejaa.

"Manyoya yamerudi," alisema.

"Yamerudi! Miaka thelathini nawapaka na yanarudi."

"Baba, una faneli?"

Mkono wa mzee ulisita juu ya kwato. "Ya kazi gani?"

"Nina chupa ya mafuta ya baiskeli, nataka kuhamisha."

"Ipo jikoni, mlangoni. Ya mafuta ya taa hiyo."

Ilikuwa faneli ya fundi bati, imetengenezwa kwa kopo la mafuta ya kupikia, ndogo, mdomo wake mwembamba kama penseli. Nyanzala aliichukua akatoka nayo juani. Nje ilikuwa na masizi. Ndani, kuanzia ukingoni hadi mdomoni, ulishuka mstari mwekundu unaong'aa, sawa kabisa na msumari wa Mwalimu Cecilia.

Aliiweka juu ya nguzo ya zizi, mbele ya macho ya mzee, akatoa mkobani msumari huo akauweka kando yake.

"Mafuta ya taa hayaachi shaba, baba."

 Fahali alivuta mguu, akaguna.

"Kibuyu chako kina mdomo mpana," Nyanzala aliendelea, bila kupandisha sauti. "Kwato haihitaji faneli, unamimina tu. Aliyeitumia hii alikuwa anajaza kitu chenye shingo nyembamba. Nesi alitoa kichupa kimoja. Binti alipaka, wiki ya pili nywele zikaanza kutoka, ya tatu kichupa kikaelekea kuisha. Jumatatu kikajaa tena, na jioni hiyo hiyo akaungua. Katika maelezo yako polisi umesema mengi, na yote kweli. Kujaza tu ndiko hukukusema."

"Yule mwanamke..." mzee alianza, kisha akaacha. Akamfungua fahali kamba, akampiga kofi la mgongo aende, akakaa juu ya gogo. Alionekana amezeeka ghafla.

"Jumapili wanakuja wakwe," alisema. "Na mashangazi wa bwana harusi. Mashangazi hawaji kutazama viatu, binti yangu, unajua. Mtoto wangu alikuwa ameanza kuimba tena, amenionyesha vinyweleo kwa kioo. Kichupa kikabaki na matone. Nikajiuliza, mpaka Shanwe kwenda na kurudi, na ng'ombe wanachechemea, nitamwachia nani? Na yule nesi alishaniambia kwa mdomo wake! Nilimuuliza kwa nini buluu, akasema ni shaba. Sasa mrututu si ni shaba? Rangi si ile ile? Manyoya ya ng'ombe si yanarudi? Nikasema, kumbe hawa wazungu wametuibia dawa yetu ya zizini, wametia kwenye vichupa vidogo. Yangu ina nguvu zaidi. Nikajaza. Mtoto sikumwambia kitu."

"Alipoanza kulia?"

"Nilijua saa ile ile." Alisema hivyo wazi, akimtazama Nyanzala usoni, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. "Akasema, 'Baba, inachoma,' nikamwambia vumilia, nguvu ya dawa hiyo. Mimi ndiye niliyesema avumilie. Asubuhi watu wamejaa hapa, mama yake anapiga kelele nesi katuulia mtoto, na mimi nimesimama katikati. Ningesema nini? Nikaenda polisi."

Nyanzala aliuchukua msumari na faneli, akavitia mkobani. Alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha.

"Na mwanamke wa watu arudishwe kwenye vita ili mashangazi wasikucheke."

"Sikulala, afande. Siku tatu."

"Yeye pia hajalala. Ila yeye alikuwa juu ya ndoo."

Mzee alijifuta uso kwa kiganja chenye buluu, kikamwacha na alama shavuni. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Nyanzala hakuitegemea kutoka kwa mtu mwenye ng'ombe mia mbili:

"Zitaota tena? Za mtoto?"

"Swali zuri hilo. Mpanda nzima mwenye jibu lake ni mtu mmoja, na ndiye uliyemfungisha. Chukua baiskeli yako, baba. Sasa hivi ni saa sita na robo."

*

Saa saba na nusu Inspekta Stanslaus alikuwa amesoma karatasi ya Mwalimu Cecilia mara mbili, amenusa bahasha, amepiga chafya, na ameitazama faneli kwa ndani kwa jicho moja kama anachungulia tundu la mlango. Hakulipiga jalada kofi. Alilifungua, akatoa kalamu, akamwambia Mzee Malale ataandika maelezo mapya, na kwamba ya zamani nayo yana kesi yake. Mzee aliitikia kila neno. Kisha akaomba aruhusiwe kwanza kupita kule nyuma.

Nyanzala alimpeleka. Mzee Malale alivua kofia, akasimama mbele ya nondo, ameishika kofia kwa mikono yote miwili.  Gaudiose aliinuka kutoka kwenye ndoo. Alimtazama usoni, kisha kwenye mikono, akaiona buluu iliyokauka kwenye kucha, akanusa. Hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Ulimpaka mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja."

"Ilikaa kichwani muda gani?"

"Mpaka alipoikimbiza mwenyewe kwa maji. Muda wa kukamua ng'ombe mmoja."

"Ngozi imekuwa nyeusi au nyekundu?"

"Nyekundu. Nyekundu, inatoa maji."

Gaudiose alipumua kwa nguvu, akaanza kuviringisha mikono ya gauni lake.

"Kama ni nyekundu, mizizi huenda ipo," alisema. "Afande Nyanzala, utambi ulikatwa?"

"Nimekata mwenyewe."

"Basi nifungulieni mlango. Nataka kumwona mtoto kabla hawajambadilishia bandeji."

Inspekta alikuwa nyuma yao, anapapasa mfuko mmoja baada ya mwingine akitafuta ufunguo.